Injini Ikigonga, Sikiliza Kabla ya Kutoa Fedha

Ndugu mkulima, siku hizi motokaa ndogo imekuwa mtumishi wa shamba. Kutoka Osieko kando ya Ziwa Victoria mpaka Busia na Malaba utaiona Toyota Probox ikibeba magunia ya mpunga wa Bunyala, samaki, mbolea, na hata mgonjwa usiku wa manane. Injini yake ikifa, fedha za mavuno ya msimu mzima zaweza kuishia gereji. Kwa hiyo yafaa ujue ni mlio gani unaokupa nafasi ya kufika nyumbani, na ni upi usiokupa.

Kwanza hakikisha kwamba injini yenyewe ndiyo inayogonga. Barabara zetu ni mbovu, nazo hulegeza bati linalokinga joto la ekzosi na kuchosha mipira inayoshikilia injini. Hayo yatagonga sana, lakini dawa yake ni bolti moja au mpira mpya.

Sasa sikiliza. Ikiwa mlio ni mwembamba, kama misumari inayotikiswa ndani ya mkebe, nao huja unapokanyaga mafuta gari likiwa na mzigo na kutoweka unapoinua mguu, basi kasoro iko katika kuungua kwa petroli. Katika injini nzima plagi hutoa cheche, na moto hutambaa kwa utaratibu ndani ya silinda. Lakini petroli ikiwa hafifu, au joto likizidi, petroli ambayo moto haujaifikia hujiwasha yenyewe na kuipiga pistoni kama nyundo. Zamani risasi ilitiwa katika petroli ili kuzuia jambo hilo; dawa hiyo iligunduliwa na Thomas Midgley wa Marekani mwaka wa 1921. Risasi ni sumu kwa watu, na nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha ilipofika mwaka wa 2006. Petroli ya sasa hupewa nguvu hiyo kwa njia nyingine, nayo hupungua upesi ikichanganywa na mafuta ya taa.

Na hapo ndipo sisi wa mpakani twapaswa kuwa macho. Malori ya mafuta hupita Busia na Malaba kwenda Uganda na nchi za mbele yake, na petroli ya mtungi kando ya barabara haina risiti wala mwenyewe wa kuulizwa. Mwaka wa 2018 Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi wachanganyaji wasipate tena faida ya tofauti ya bei. Tamaa, hata hivyo, haimalizwi na ushuru. Ukiwa na shaka, dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe, kivulini, mbali na moto na sigara. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama kubwa. Mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Kipimo hiki si cha maabara, lakini chatosha kukuzuia usijaze tangi.

Ikiwa umekwisha kujaza, punguza mzigo, usikanyage kwa nguvu, kisha ongeza petroli nzuri kutoka kituo unachokiamini. Mlio ukiendelea hata baada ya hapo, tazama maji ya rejeta injini ikiwa imepoa kabisa, kisha plagi: je, ni za aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari? Injini ya Probox ya sisi 1,500 ina kifaa kidogo kinachousikia mlio huu na kuiambia kompyuta icheleweshe cheche. Waya wake ukikatika, kinga hiyo hupotea, na mara nyingi taa ya injini huwaka. Wewe unayeegesha gari karibu na ghala la mpunga, kumbuka kwamba panya hutafuna nyaya pia. Na fundi akisema atazungusha distributa ili kurekebisha cheche, mwulize iko wapi, maana injini hii haina.

Jambo jingine huwashangaza watu. Gari lililonunuliwa Eldoret, ambako hewa ni nyepesi, laweza kuanza kugonga likiteremshwa ziwani. Hewa nzito ya huku chini huongeza mkandamizo ndani ya silinda, na petroli hafifu huonekana mara moja.

Mlio wa pili ni mzito: gu, gu, gu. Huongezeka pamoja na mwendo wa injini, nao husikika hata gari likiwa limesimama. Huu watoka katika beringi za konrodi, ile mikono inayoziunganisha pistoni na krenki. Zima injini hapo hapo, usiseme utafika Busia kwanza. Pima oili kwa kijiti chake. Ikiwa imepungua, ongeza, lakini kama mlio umebaki, gari livutwe kwa kamba. Beringi zikibadilishwa mapema, huenda krenki ikapona au ikasagwa kidogo tu. Ukiendelea na safari, konrodi yaweza kukatika na kutoboa injini ubavuni. Hiyo ndiyo watu huita injini iliyonoki.

Wauzaji wengine wa magari hutia oili nzito sana ili kuficha mlio huo. Basi unaponunua, fika asubuhi kabla injini haijawashwa, shika boneti uhakikishe ni baridi, kisha iwashwe nawe ukiwa umesimama karibu. Na ikiwa umelazimika kuweka injini nyingine, andikisha nambari yake NTSA ili ilingane na kitabu cha gari.