Dodoma Kuna Lami, Katesh Kuna Nyama

Dereva wa bodaboda aliyetoka Dodoma utamjua siku ya kwanza tu hapa Katesh: anapiga honi. Sisi tumezoea kusubiri. Ng'ombe wa Mbarabaigi wakikata barabara ya Singida, unazima pikipiki, unaweka mguu chini, unamwamkia mzee anayewachunga, kwa sababu ng'ombe hawajui honi na mwenye ng'ombe ana fimbo. Huyu mgeni anapiga honi mpaka ndama wanashtuka na kurudi walikotoka, nao mama zao wanawafuata, na barabara inafungwa upya.

Mimi nimeendesha huku na kule. Nimezaliwa Dongobesh, upande wa Mbulu, na pikipiki nimejifunzia kwenye udongo mwekundu wa kule. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma nami nikahamia, nikijua waheshimiwa wakija hawatatembea kwa miguu. Sasa nipo kijiwe cha Katesh, chini ya Mlima Hanang, na pikipiki ya Boxer ambayo nimemaliza mkataba wake. Ubishi ukizuka kijiweni kuhusu mji gani mtu anaishi vizuri, naitwa niamue. Huwa naamua kwa upendeleo.

Tuanze na foleni, maana ndiyo vijana wanayoiulizia kwanza. Dodoma foleni ipo, ila aliyekaa Ubungo ya Dar es Salaam saa kumi na moja jioni hawezi kuiita foleni. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali yote inahamia Dodoma, jambo lililokuwa limeamuliwa tangu 1973. Aprili 2018 manispaa ikapandishwa kuwa jiji. Wizara zikajengewa mji wao Mtumba, nje kidogo, kwenye barabara ya Dar es Salaam, kwa hiyo asubuhi magari ya watumishi yanaelekea upande mmoja na jioni yanarudi yote kwa pamoja. Mwenye pikipiki anachomekea katikati yao na kuendelea na safari. Kinachomsumbua dereva wa Dodoma ni bajaji, ambayo inabeba abiria watatu, ina paa la kuzuia jua, na mama mwenye mtoto na kapu la soko anaiona mapema kuliko anavyokuona wewe.

Halafu kuna kalenda ya Bunge. Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, na wakati huo nyumba za wageni zinajaa, wapishi wanakosa usingizi, na dereva wa kijiwe cha karibu na nyumba hizo anaweza kupeleka hesabu ya siku kwa tajiri mwenye pikipiki kabla ya saa sita mchana. Bunge likiahirishwa, mnabaki mnatazamana. Kuanzia 2024 treni ya SGR ya kutoka Dar es Salaam imeongeza abiria wa kudumu kidogo, watu wanaoshuka na begi moja na haraka nyingi.

Katesh na Haydom foleni yetu ni mnada. Siku hiyo usitegemee kupita haraka popote. Mbuzi anapakatwa juu ya tangi, miguu imefungwa, kichwa kinakutazama usoni njia nzima. Nyuma amekaa mwenye mbuzi na shuka lake, na kama mbuzi ameuzwa, narudi na gunia la mahindi au debe la mafuta. Kutoka Bashay tunabeba vitunguu saumu, na harufu yake hukaa kwenye koti wiki nzima hata ukifua. Usiku tunabeba wagonjwa. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwe mwaka 1955, inategemewa na watu wa wilaya kadhaa, na mara nyingi anayemfikisha mama mjamzito pale ni kijana wa bodaboda, mama akiwa katikati na ndugu yake nyuma akimshikilia. Sheria ya abiria mmoja inavunjwa hapo. Sijaona mtu mwenye roho ya kuisimamia.

Lami tunayo pia, msidhani. Barabara ya Babati, Katesh hadi Singida imewekwa lami, na ile ya Dodoma, Kondoa hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa 2018. Hiyo ya pili ni kipande cha njia ambayo Waingereza waliota ingetoka Cape Town mpaka Cairo, lakini kwa miaka mingi ilikuwa kifusi na mchanga, na dereva akifika Kondoa alikuwa wa rangi moja na ukuta. Leo unakunywa chai Katesh na unakula mchana Kondoa. Ila ukiiacha lami, ukapandisha kutoka Dareda kwenda Dongobesh, au ukakata Basotu kwenda Haydom, hapo ndipo utajua kama unajua kuendesha.

Hapo pia ndipo ubishi wetu unapobadilika, kwa sababu Dodoma inakutesa kwa vumbi na Mbulu inakutesa kwa tope. Dodoma haipati mvua inayozidi sana milimita 550 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua na upepo. Si jangwa la Kiarabu, mibuyu ipo na watu wanalima, lakini Septemba ukiwa Nkuhungu saa nane mchana utaona mji unavyopotea ndani ya vumbi, kisha unarudi. Vumbi linaingia kwenye ea klina, injini inakohoa. Ukipaka cheni oili nyingi ukidhani unaitunza, vumbi linaganda juu yake na kusaga meno ya sproketi. Mafundi wa Dodoma walinifundisha kupaka kidogo, kufuta, na kupaka tena. Na maji: jiji linategemea zaidi visima vya Mzakwe, na zamu ya mtaa wenu ikipita bila maji unaoga kwa jagi.

Mbulu ni nyanda za juu, baridi, na masika mfinyanzi unaingia kati ya tairi la mbele na madigadi mpaka tairi linagoma kuzunguka. Unashuka, unavunja kijiti, unachokonoa, unakwenda hatua mia, unashuka tena. Wenyeji wanainua madigadi juu kabisa au wanaing'oa, wanakubali kurushiwa tope usoni. Ukiona pikipiki isiyo na madigadi ya mbele imepaki Babati, mwenyewe ametoka milimani.

Mvua ya kwetu si ya kuitania. Tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi, upande wa Mlima Hanang uliolowa siku nyingi uliporomoka. Tope, mawe na magogo vilishuka mpaka Katesh mjini na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Siku zile bodaboda ilikuwa haina kazi, kwani hapakuwa na barabara. Tulishika majembe pamoja na askari. Mlima huu una urefu wa zaidi ya mita 3,400, ni volkano iliyolala, na tangu siku hiyo tukiona wingu limekaa juu yake muda mrefu, kijiwe kinazungumza kwa sauti ndogo.

Sasa chakula. Wagogo wa Dodoma wanalima uwele na mtama kwa kuwa mahindi huwaangusha mvua ikikatika Februari, na uwele unavumilia. Kwa mama lishe mmoja karibu na Sabasaba nilikuwa napata ugali wa uwele, wa rangi ya kijivu, mzito, ukila asubuhi hutafuti kitu mpaka jioni. Kitoweo ni mlenda: majani yaliyoanikwa na kutwangwa, yanapikwa kwa magadi kidogo na karanga. Unakata tonge, unalibonyeza katikati kwa dole gumba, unachota, na mlenda unavuta uzi kutoka kwenye bakuli mpaka mdomoni. Lazima uzungushe mkono kuukata. Mtu wa Mbulu aliyekulia makande hucheka akiuona mara ya kwanza. Asipoushushia maji, ujue amekuwa Mgogo.

Kwetu Mbulu ni makande jioni, ugali wa mahindi na maharage yenye vitunguu saumu visivyohesabiwa, na maziwa ya mgando. Basotu kuna perege wa ziwani na ngano. Ngano ile ina historia chungu: kuanzia miaka ya 1970 shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano juu ya malisho ya Wabarabaigi. Mzee wa kule akiona chapati anaweza kukuhadithia mpaka chai ipoe.

Lakini nyama ni Katesh. Rafiki zangu wa Dodoma hunitajia Msalato, mnada wa Jumamosi ambao hata wabunge huenda kula choma, na nakubali nyama ya pale ni nzuri. Tofauti ni kwamba mbuzi wa Katesh hajasafirishwa. Amekula majani ya mteremko wa Hanang, amelamba chumvi ya Ziwa Balangida, amefika mnadani kwa miguu yake au kwa pikipiki yangu, na saa nne yuko kwenye moto wa mkaa. Hawaweki kiungo chochote. Chumvi pembeni, pilipili, ndimu, na ugali wa kukata kwa kisu. Anayeomba tomato sosi anaangaliwa.

Kuhusu kinywaji nitasema kwa adabu, maana tunaendesha watu. Viroba, ile pombe kali ya mifuko midogo ya plastiki iliyopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, viliwahi kuwa mifukoni mwa madereva wengi, Dodoma na huku. Kuondoka kwavyo naona kumeokoa watu kuliko matuta yote ya barabarani. Gongo bado ipo na bado ni haramu. Kijiweni kwetu anayenuka gongo hapewi abiria.

Dodoma jioni watu wanakunywa mvinyo. Zabibu zinapenda ukame, na kule zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Mizabibu ilipandwa na wamisionari wa Bihawana, leo iko hata uani kwa watu. Mvinyo wa dompo ni wa bei nafuu na mtamu, na utamu wake ndio mtego. Bia ni ya baridi, na friji likikosa umeme mhudumu anaomba radhi. Nenda sasa Mbulu mjini mwezi Julai. Mhudumu anakuuliza "ya moto au ya baridi?" na baa nzima inaagiza ya moto, watu wamevaa makoti. Hata shayiri ya kutengenezea bia inapenda ubaridi, ndiyo maana wakulima wake wako Karatu na Monduli.

Pombe za kienyeji ndizo zenye adabu zake. Wairaqw wa Mbulu wana buura: nafaka inalowekwa, inaachwa ichipue, inaanikwa, inasagwa kuwa kimea, kisha inachanganywa na uji na kuachwa ichachuke. Inanywewa watu wakitoka kulima shamba la mwenzao. Wabarabaigi wana gesuda, ya asali na mizizi, inayowekwa karibu na moto ichachuke polepole. Hiyo haiuzwi. Ni ya wazee na ya shughuli. Niliwahi kumpelekea mzee mmoja ndoo ya asali kutoka upande wa Yaeda Chini, nikakuta wenzake wamekaa tayari. Nikasema, "Shikamoo mzee, mzigo wako huu." Akanilipa, akaniangalia nilivyokuwa natazama kibuyu, akasema, "Marahaba mwanangu. Kwanza oa, zaa, uzeeke. Na pikipiki uiache nyumbani."

Aprili ikikaribia, kijiwe kinagawanyika. Masika yakikolea barabara za Mbulu hazipitiki, abiria wanapungua, na huko Dodoma Bunge linaanza na mvua yao inaisha. Wenye pikipiki zao wenyewe wanafunga begi nyuma, wanapita Babati na Kondoa, wanalala kwa ndugu Chang'ombe ya Dodoma na kurudi Julai wakati wa mavuno, magunia yakiwa mengi ya kubeba. Wenye pikipiki za hesabu wanabaki, kwa kuwa tajiri hataki chombo chake kiende mkoa mwingine. Mwaka huu wameniuliza kama nakwenda. Nimewaambia nitajua baada ya kubadilisha cheni.