HAKI YA MFUNGWA KUPATA MAANDISHI YA KESI YAKE

Watu wengi hudhani ya kuwa hakimu akiisha kutoa hukumu, na mshtakiwa akipelekwa gerezani, basi maneno yamekwisha. Sivyo. Sheria ya Kenya humruhusu aliyehukumiwa kukata rufani katika mahakama ya juu, tena humpa haki ya kupata maandishi ya kesi yake.

Maandishi hayo ni ya namna mbili. Kwanza ni nakala ya hukumu, ambamo hakimu ameeleza sababu za kumtia mtu hatiani. Nakala hii mfungwa akiiomba hupewa bila malipo, na aweza kuomba itafsiriwe kwa lugha yake, ikiwezekana. Pili ni mwenendo wa kesi, yaani maneno yote ya mashahidi, maswali waliyoulizwa na majibu yao. Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kwamba mwenendo huo utolewe katika muda wa kadiri baada ya kesi kwisha, kwa ada ya kadiri. Asiye na fedha aweza kuisihi mahakama impe bure kwa sababu maalumu.

Faida yake ni kubwa. Majaji wa rufani hawakuwaona mashahidi wala kuwasikia. Huyapima maneno yao kwa kuyasoma katika maandishi hayo. Lakini aliyekiri kosa mwenyewe mbele ya hakimu hawezi kurufani ila juu ya adhabu tu.

Walio mbali na mahakama, kama watu wa Gotu kando ya mto Ewaso Nyiro, wazihesabu siku kwa uangalifu. Rufani ya kwenda Mahakama Kuu hupelekwa katika siku 14 tangu adhabu itolewe. Tuseme mfugaji wa Gotu amefungwa mjini Isiolo kwa wizi wa mifugo, kosa ambalo kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Jamaa zake wakirudi nyumbani kushauriana, kisha wakauze mbuzi ili wapate ada, yamkini siku hizo zitapita kabla hawajafika tena mjini.

Hata hivyo sheria haikumtupa mtu huyo. Ikiwa amechelewa kwa kuwa aliomba nakala asizipate kwa wakati wa kadiri, Mahakama Kuu ikiridhika kuwa ndivyo, imelazimika kuipokea rufani yake. Lakini nafuu hiyo ni ya aliyeomba, si ya aliyenyamaza. Basi ombi liandikwe mara moja, likitaja jina la mfungwa, nambari ya kesi, mahakama na tarehe ya hukumu. Nakala ya ombi iliyopigwa muhuri wa mahakama ihifadhiwe vema, kwani ndiyo ushahidi wa siku lilipopelekwa.

Wala mfungwa hana haja ya kungoja jamaa wamfikishie rufani yake. Aweza kuikabidhi kwa mkuu wa gereza, naye kwa sheria ni wajibu wake kuipeleka kwa Msajili wa Mahakama Kuu.

Wahenga walisema, ngojangoja huumiza matumbo. Mwenye ndugu gerezani amkumbushe kuomba maandishi yake siku ile ile ya hukumu.