Nyumba ya Mchoraji na Picha Zisizokuwamo

Mwisho wa mwaka ukikaribia, vyama vya kina mama huku Mtongwe huanza kupiga hesabu za matembezi. Mara nyingi huwa ni Haller Park, Wasini au Malindi, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Safari hii kikundi kimoja kimeniuliza habari za Elsamere kule Naivasha, nyumba ya Joy Adamson, yule mama wa simba Elsa. Kuna nini cha kuona? Na mtu asiyejua mambo ya uchoraji atafaidika na nini? Kazi yangu ni kuhifadhi picha zilizochorwa kwenye karatasi, kwa hiyo jibu langu limekuwa refu kuliko walivyotaka.

Nianze na simba, nimwache hapo. Kitabu cha Born Free kilitoka mwaka 1960 na ndicho kilichompa Joy jina duniani. Kabla ya simba alikuwa mchoraji, na kwa maoni yangu brashi aliishika vizuri kuliko kalamu. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, ambao leo unaitwa Opava na uko Cheki, akapewa jina la Friederike Victoria Gessner. Alifika Kenya mwaka 1937. Mwaka uliofuata akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, na Bally ndiye aliyemwita Joy. Mume akikusanya mimea, mke akaanza kuichora. Mwaka 1947 chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro yake ya maua. Wakati huo alikuwa ameshaolewa na George Adamson, bwana nyama wa kule kaskazini. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ikamtuma azunguke Kenya awachore watu na mavazi yao ya jadi, akamaliza picha zaidi ya 500. Watu wa Pwani wamo, Wamijikenda na Waswahili. Elsamere waliinunua mwishoni mwa miaka ya 1960. Joy aliuawa Januari 1980, akiwa kwenye hifadhi ya wanyama ya Shaba.

Sasa hesabu za njia. Matangazo mengi huita Elsamere safari ya siku moja, na ni kweli kwa anayelala Nairobi: Naivasha iko kilomita 90 hivi kutoka huko, kisha zaidi ya 20 nyingine kwa barabara ya kusini ya ziwa, ile ya matatu za Kongoni. Kwa mtu wa Mtongwe hilo haliwezekani. Treni ya Madaraka Express kutoka Miritini hadi Nairobi ni kilomita 470 hivi na saa tano au zaidi, basi wekeni malazi ya usiku mbili na msidanganyane. Zuri ni kwamba siku hizi Miritini mnafika kwa barabara ya Dongo Kundu bila kugusa feri ya Likoni.

Ndani ya treni, kaeni upande wa kushoto. Mkishapita Mtito Andei mtaona vilima vya kijani vimejipanga kwa mbali. Ni Chyulu, na huko ndiko Joy alikoanza kuchora maua, alipofuatana na msafara wa makumbusho mwaka 1938. Mwongozaji wa Naivasha pengine hatawaambia, maana kwake ziara inaanzia langoni. Kwa abiria wa kutoka Pwani ziara inaanzia hapo dirishani, saa kadhaa kabla ya kiingilio.

Fikirini kazi yenyewe ilivyokuwa. Ua la porini likichumwa asubuhi, mchana limeshalegea. Mchoraji wa mimea analifunga kwenye kitambaa kibichi, analiweka kivulini, na kitu cha kwanza kukamata ni rangi. Umbo linaweza kungoja, kwa sababu mmea utabanwa baina ya karatasi na kukaushwa, na miaka hamsini baadaye bado utaweza kuhesabu petali na kupima jani. Rangi haingoji. Zambarau inageuka kahawia kabla ya jua kutua. Ndiyo maana karatasi za namna hii huwa na vibandiko vya rangi vya majaribio pembeni, hivi vidogo kama kucha, mchoraji akitafuta wekundu ule ule wa ua kabla haujamponyoka. Tena anaunganisha kwenye karatasi moja vitu ambavyo kamera haiwezi kuvipata kwa mara moja: chipukizi, ua lililofunguka, mbegu, na ua lililopasuliwa katikati lionyeshe matumbo yake. Picha ya simu inaonyesha ua moja la siku moja. Mchoro unaonyesha mmea wenyewe, maisha yake yote.

Mkifika Elsamere mtakuta nyumba ya kawaida ya mlowezi, si kubwa, imeelekea ziwa. Ndani kuna vitu vyake vya kuandikia na kuchorea, picha za kumbukumbu, michoro kadhaa, na kwa kawaida wageni huonyeshwa filamu ya maisha yake. Hapo ndipo wengi huvunjika moyo. Wamesafiri usiku na mchana kuja kwa mchoraji, na picha ziko wapi?

Hazina ya picha hizo iko Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Hilo ni jambo jema, na sababu yake ni ya kitaalamu. Rangi za maji ni chembe nyembamba sana za rangi zilizolala juu ya karatasi, hazina mafuta wala vanishi ya kuzikinga. Mwanga unazila. Sisi wahifadhi hupima mwanga kwa luksi. Jua la adhuhuri nje ya nyumba yako hufika luksi 100,000. Mwanga wa kusomea kitabu ni kama 300 hadi 500. Kwa picha ya rangi za maji tunaruhusu 50 tu, na ndiyo maana vyumba vyake makumbusho huonekana vya kiza mpaka wageni hunung'unika. Kibaya zaidi, madhara hujumlishwa: saa 100 kwenye luksi 500 zinaharibu sawa na saa 1,000 kwenye luksi 50, na kuipumzisha picha kabatini hakurudishi kilichokwisha. Wekundu na waridi hutangulia kwenda. Katika michoro mingi ya zamani anga limebaki la buluu na midomo ya watu imekuwa kijivu.

Ongezeni unyevu. Hewa ikizidi asilimia 65 au 70 ya unyevunyevu kwa muda, ukungu unaota kwenye karatasi, kisha vinatokea vile vidoa vya rangi ya kutu. Nyumba ya ukingoni mwa ziwa, yenye madirisha mapana yaliyojengwa ili mtu aone maji, ni mahali pazuri pa kuchorea na pabaya pa kutundikia. Na kwa kuwa tunaongea na watu wa Mtongwe, ambako hewa ya bahari huingia mpaka kwenye sanduku la nguo: picha ya harusi msiitundike mkabala na dirisha, na nyuma ya fremu bandikeni vipande viwili vya kizibo ili hewa ipite kati yake na ukuta. Kioo kisiguse picha. Nimezibandua nyingi zilizogandana na kioo, na nyingine zimebandukia humo humo.

Elsamere si peke yake. Nyumba ya mchoraji inayotembelewa kuliko zote huenda ni ya Claude Monet huko Giverny, Ufaransa, kilomita 75 hivi kutoka Paris. Alihamia mwaka 1883, akafa mwaka 1926, na wageni walianza kupokewa mwaka 1980, mwaka ule ule Joy alipokufa. Mabasi ya watalii hupanga foleni. Kwenye chumba chake cha kazi kuta zimejaa picha, na picha hizo ni nakala. Zake halisi ziko katika makumbusho ya Paris na kwingineko. Watu hawalalamiki sana, kwa sababu Giverny wanakwenda kuona bustani. Mwaka 1893 Monet alinunua kiwanja cha pili, akaomba ruhusa ya kuchepusha kijito, akachimba bwawa na kupanda mayungiyungi. Wanakijiji walipinga wakidai mimea ya kigeni itawatilia sumu maji yao. Bwawa hilo ndilo alilolichora hadi kufa kwake, na leo wakulima wa bustani wanalifagia kila siku lifanane na picha.

Naivasha mambo yamekwenda kinyume, na hapa ndipo ningependa mumkalie mwongozaji kitako. Joy na George waliponunua nyumba, ziwa lile lilikuwa na mayungiyungi ya buluu, ya kwake lenyewe, hayakupandwa na mtu. Mwaka 1970 waliletwa kamba wekundu wa maji baridi, asili yao Louisiana, ili wavuliwe kwa biashara. Wakazaana. Kamba hawa hula mimea ya majini kuanzia mzizi, na katika miaka michache mayungiyungi yakatoweka. Mwaka 1988 yakaonekana magugu maji, yale ya Amerika Kusini yenye maua ya zambarau. Mgeni wa leo anasimama kwenye nyasi, anaona zulia la kijani limeelea na maua juu yake, anapiga picha, anasema ndiyo hii mandhari ya mchoraji. Siyo. Hata ukingo umehama, maana ziwa limepanda sana tangu mwaka 2010 hivi, na mwaka 2020 lilifurika hadi kwenye mashamba na nyumba za watu. Giverny wanatunza bustani ifanane na picha. Naivasha picha na karatasi za mimea iliyokaushwa ndizo zilizobaki kutuambia ziwa lilikuwaje. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kwenda, kuliko chai na keki.

Chai yenyewe, nikiri, ni nzuri. Huandaliwa alasiri kwenye nyasi, na ni busara kuagiza mapema mkiwa wengi. Shikeni sahani zenu, maana migunga ya manjano iliyo juu yenu ina mbega. Wale wa kwetu, wa Diani na Shimba, ni mbega wa Angola: weusi, wana mashungi meupe mabegani, na mkia mwembamba wenye ncha nyeupe. Wa Naivasha ni jamii nyingine. Huyo ana shuka refu jeupe linaloning'inia kutoka mgongoni hadi ubavuni, na mkia umefura mwishoni kama mgwisho wa mzee. Mtazameni akiruka, lile shuka likifunguka. Kiboko naye hupanda kwenye nyasi usiku kula, kwa hiyo anayelala hapo haruhusiwi kuzurura kiza kikiingia.

Mwongozaji mzuri mtamjua kwa maswali yenu, si kwa maneno yake, kwani maneno wengi wameyahifadhi. Mwulizeni alikuwa akikaa wapi kuchora, na dirisha lile linapata jua asubuhi au jioni. Mwulizeni mti upi ulikuwapo wakati wake na upi umekuja baadaye. Mkimwona anatoka nje kwenda kuwaonyesha badala ya kujibu akiwa amesimama mlangoni, mmepata mtu.

Kuna swali jingine, la kuuliza Nairobi kabla ya kupanda Naivasha, mbele ya zile picha za watu. Someni vibandiko. Je, aliyechorwa ametajwa jina, au limeandikwa kabila na cheo tu? Picha hizi ziliagizwa na serikali iliyoamini kuwa inaandika mambo yanayokufa, ikasahau kuwa yenyewe ilikuwa sehemu ya kinachoyaua. Hilo haliondoi ustadi wa mkono. Shanga zimehesabiwa moja moja, mikunjo ya leso inaanguka inavyopaswa. Lakini mwanamke wa Kigiriama aliyekaa kimya akichorwa alikuwa na jina, na mjukuu wake anaweza kuwa amesimama nyuma yenu kwenye foleni ya tikiti.

Ndiyo maana, kama usiku wa pili mtalala Nairobi, ningeongeza Paa ya Paa huko Ridgeways, kituo cha sanaa kilichoanzishwa na Elimo Njau na wenzake mwaka 1965. Njau ni mzaliwa wa Marangu, alisomea Makerere, na ndiye aliyechora kwenye kuta za kanisa kuu la Murang'a maisha ya Yesu, Yesu akizaliwa katika boma la Kikuyu. Kwake ni nyumba, bustani na sanaa vimechanganyika chini ya miti. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya kazi zilizokuwa humo. Hakuna chai ya alasiri kwenye nyasi zilizokatwa wala filamu. Pigeni simu kwanza.

Na mwanachama ambaye mchango wake haujatimia asinune. Avuke na feri aende Fort Jesus. Wareno waliolinda ngome ile katika karne ya 17 walichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu zenye matanga, samaki, watu. Wachoraji hao hawana majina, wala hawakuwa na bustani, ila picha zao ziko kule kule zilikochorwa. Mkenya hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, akiwa na kitambulisho, na ni vyema kwenda asubuhi kabla ya mabasi ya shule.