Kompyuta Kubwa: Ipi Yenye Mbio Zaidi?

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya kompyuta kubwa, zile zifanyazo hesabu za serikali na mabenki, na jinsi ya kutambua ipi yenye mbio kuliko mwenzake. Huenda mtu akauliza, "Jambo hili latuhusu nini sisi wa Kengeja?" Latuhusu, kwa kuwa mashine hizi hununuliwa kwa fedha ya watu wote, na mishahara ya waalimu na matabibu hupita ndani yake.

Tuanze shambani. Karafuu zikisha kuchumwa huchambuliwa makonyo, kisha huanikwa juani siku kadhaa. Tuseme mwenye shamba huletewa pishi 40 kila siku, lakini majamvi yake yatosha kuanika pishi 20 tu za kila siku. Akiongeza wachumaji atapata nini? Atapata marundo ya karafuu mbichi zinazoharibika. Shamba lake halikupungukiwa na wachumaji, limepungukiwa na majamvi.

Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Siku zile kazi ilifanywa kwa mkupuo: habari za watu wote hukusanywa pamoja, zikaingizwa kwa mara moja, zikahesabiwa kwa taratibu, na mwisho zikapigwa chapa. Hapana mtu aketiye akingoja jibu lake peke yake. Linalotakiwa ni kwamba kazi yote iwe imekwisha kabla ya wakati wake. Mpaka leo mabenki hufanya hesabu zao nyingi za usiku kwa njia hii.

Sasa tupige hesabu. Mashine ya IBM 1401, iliyotangazwa mwaka 1959, ilikuwa na kisoma kadi kilichosoma kadi 800 kwa dakika, na mtambo wa chapa uliopiga mistari 600 kwa dakika. Tuseme twalipa watu 12,000, kila mmoja ana kadi moja na hati ya mistari mitano. Kusoma kadi ni dakika 15. Kupiga chapa mistari 60,000 ni dakika 100. Tuseme pia hesabu yenyewe yachukua dakika 20, na kila kazi yangoja ya kwanza iishe. Jumla ni dakika 135.

Akaja mwuzaji akasema, "Nunueni kichakataji changu, kina mbio mara kumi." Kichakataji ndicho sehemu ifanyayo hesabu. Maneno yake ni kweli: zile dakika 20 zitakuwa 2. Lakini jumla itakuwa dakika 117, wala si 13 na nusu. Kama badala yake tungaliongeza mtambo wa pili wa chapa, dakika 100 zingalikuwa 50, na jumla 85. Bwana Gene Amdahl, mmoja wa waliobuni kompyuta za IBM System/360, alilieleza jambo hili mwaka 1967: faida ya kuharakisha sehemu moja ina mpaka, nao ni ile kazi iliyobaki bila kuharakishwa.

Kuna mtego wa pili. Wauzaji hutaja idadi ya amri zinazotimizwa kwa sekunde, au mapigo ya saa iliyo ndani ya kichakataji. Lakini amri za mashine hii si sawa na za mashine ile: moja yaweza kumaliza kwa amri moja kazi ambayo nyingine yahitaji amri tatu. Na mapigo pia hudanganya. Kompyuta ya IBM zEC12 ya mwaka 2012 ilikuwa na mapigo bilioni 5.5 kwa sekunde. Z13 ya mwaka 2015 ilikuwa na bilioni 5 tu, na hata hivyo kichakataji chake kilifanya kazi zaidi. Mtu wa hatua ndefu hampi nafasi mwenye hatua fupi za haraka.

Basi kipimo cha haki ni kipi? Chukua kazi yako mwenyewe, ya ukubwa wake wa kweli, uipitishe katika mashine zote mbili. Tazama saa inapoanza na inapokwisha karatasi ya mwisho. Kisha uliza ni sehemu gani iliyowangojesha wenziwe, na fedha yako uiweke hapo.

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo lile likadumu miaka mingi. Nchi isiyo na fedha nyingi za kigeni haina budi kupima kabla ya kununua. Mwenye shamba naye, kabla ya kuita wachumaji wengine, na ahesabu majamvi yake.