Mbwa wa Ulinzi Anapomuuma Mwenyewe: Sababu, Tahadhari na Hukumu



Familia nyingi za Unguja na Pemba zina vijana waliokwenda Bara kikazi. Wapo walimu, wauguzi, wafanyabiashara na watumishi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi. Baadhi yao wamefika hadi Kibondo na Kasulu, nyanda za juu za mkoa wa Kigoma karibu na mpaka wa Burundi, zilikowekwa kambi za Nduta na Nyarugusu. Huko mbwa si mgeni. Mkulima wa mahindi na muhogo humfuga kwa ajili ya shamba, mwenye mbuzi humfuga kwa ajili ya zizi, na kijana aliyepanga nyumba pembezoni mwa mji hushauriwa afuge wa ulinzi.

Ndipo linapokuja swali: mbwa amelelewa tangu mdogo, kisha siku moja anamuuma yule yule anayempa chakula. Je, ameingiwa na shetani? Amerogwa? Na aliyeumwa afanye nini?

Jibu letu kwa ufupi: mbwa anayemgeukia mwenyewe ana sababu inayojulikana, na moja kati ya sababu hizo inaua. Kwa hiyo tunaanza na jeraha.

Aliyeumwa afanye nini

Aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo tu, na hata kama mbwa ni wake mwenyewe. Asisubiri kuona mbwa ataumwa au hataumwa.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi vinavyokaa katika mate. Vikiingia kwenye jeraha hupita katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua wiki au miezi, na ndiyo nafasi ya chanjo kufanya kazi. Dalili zikishaanza, kama kuogopa maji, kushindwa kumeza na kuweweseka, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 hivi kila mwaka duniani, karibu vyote vikitokana na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwa wanaoumwa. Chanjo ikianza mapema na dozi zote zikakamilishwa, humkinga mtu kwa idhini ya Allah. Kisomo na dua ni kheri, lakini visiwe sababu ya kuchelewa hospitali, kwani Mtume (rehma na amani za Allah zimshukie) ametuamrisha kujitibu.

Hapa pana jambo ambalo Waislamu wa madhehebu ya Shafi wanapaswa kulielewa vizuri. Mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo lisimfanye mtu apake udongo kwenye kidonda kibichi. Udongo unaweza kuingiza maradhi mengine, pepopunda ikiwemo, na sheria yetu haimtaki mtu ajidhuru. Wapo wanazuoni, hasa wa madhehebu ya Hanbal, waliosema sabuni husimama mahali pa udongo, na penye dhara rukhsa ni pana zaidi. Nguo na vyombo vitoharishwe baadaye.

Kwa nini mbwa hubadilika

Ya kwanza ni kichaa chenyewe. Mbwa mpole huwa mkali ghafla, huuma hata mawe na vijiti, sauti hubadilika, mate humtiririka. Wengine hawawi wakali, bali hujificha, hulegea taya na kupooza. Mtu akidhani kuna mfupa umemkwama akamtia mkono mdomoni, amejitia hatarini.

Ya pili ni maumivu. Mwenye kidonda, sikio lililooza au mguu uliovunjika huuma anapoguswa pale panapouma.

Ya tatu ni hofu. Wengi hudhani kipigo humfundisha mbwa adabu. Kipigo humfundisha kwamba mkono wa binadamu ni hatari, na kwamba akinguruma hupigwa. Basi huacha kunguruma, na siku nyingine huuma bila onyo.

Ya nne ni kulinda alicho nacho, kama chakula, mfupa au watoto wake. Mtoto anayemsogelea mbwa anayekula, au jike aliyezaa, yuko hatarini.

Ya tano ni malezi. Mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa, au ambaye hakuzoeshwa watu katika miezi yake mitatu ya mwanzo, humwona kila anayemkaribia kuwa adui.

Mbwa aliyeuma asipigwe hadi kufa na kutupwa. Akiweza kufungiwa kwa usalama, afungiwe na afisa mifugo aarifiwe. Akiwa mzima baada ya siku 10, hakuwa na virusi vya kichaa kwenye mate alipouma, na daktari ndiye atakayeamua kuhusu dozi zilizobaki. Akifa, mzoga usishikwe kwa mikono mitupu.

Hukumu ya kumfuga na dhamana ya mwenyewe

Hadithi sahihi zimeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na zimeeleza kuwa anayefuga mbwa bila haja hizo hupungukiwa na thawabu kila siku. Kuhusu mbwa wa kulinda nyumba, wanazuoni wa Kishafi wamekhitalifiana, na kauli yenye nguvu kwao, kama alivyoeleza Imam Nawawi, ni kuwa inajuzu kwa kukisia juu ya hizo tatu. Lakini akae uani katika banda lake. Asiingizwe ndani, kwani imethibiti kuwa Malaika wa rehma hawaingii nyumba yenye mbwa.

Anayemfuga ana deni la kumlisha, kumnywesha na kumtibu. Tunajua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Chanjo ya kila mwaka inaingia katika deni hilo. Mafakihi pia wamesema mwenye mbwa anayejulikana kwa kuuma, kisha akamwachia, hubeba dhamana ya madhara yake. Mbwa mkali aumaye ametajwa katika hadithi miongoni mwa wanyama wanaoruhusiwa kuuliwa, lakini iwe bila mateso, na bora kwa mkono wa wataalamu wa mifugo.

Funzo kwa sisi wa visiwani

Pemba ilishaondokana na kichaa cha mbwa mwaka 2014 kwa kampeni za kuchanja mbwa. Mwaka 2016 ugonjwa ukarudi, ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, na kazi ikaanza upya hadi maambukizi yakakatika mwaka 2018. Kwa hiyo kijana anayerudi kutoka Kasulu au popote Bara asipakie mbwa chomboni bila chanjo na kibali cha idara ya mifugo. Mbwa mmoja anatosha kurudisha kilio katika nyumba za watu.

Wazazi, wapigieni simu vijana wenu walioko huko na muwaulize: mbwa amechanjwa lini? Na wafundisheni watoto wasifiche jeraha kwa kuogopa kugombezwa, kwani mtoto anayeficha hukosa zile siku za chanjo.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.