Elimu Ina Njia Yake: Je, Yapasa Mwanafunzi Mpya wa Chuo Kikuu Afundishwe Namna ya Kujifunza?

Kila mwaka zikaribiapo siku za kufunguliwa vyuo vikuu, nyumba nyingi za Waislamu huwa katika shughuli isiyo ndogo. Baba hutafuta nauli, mama hupanga nguo sandukuni, jamaa huchanga walichonacho, na shekhe wa mtaa huombwa asome dua. Mtoto amefaulu, naye aenda Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi au Tunguu kutafuta elimu ya juu. Lakini haupiti mwaka ila baadhi ya watoto hao hurejea nyumbani na masanduku yao, kwa kuwa wameanguka mitihani na kuondolewa chuoni. Wanafunzi wa Tanzania wameshalitia jambo hilo jina lake: huliita "kudisko". Na ikiwa kijana alichukua mkopo wa Serikali, masomo humtoka na deni humbaki shingoni.

Wako wanaoanguka kwa uvivu na upuzi, na hao khabari yao yajulikana. Ama maneno yetu ya leo yawahusu wale waliokesha na vitabu wakaanguka vilevile. Hawa hawakukosa akili wala bidii. Walichokosa ni njia.

Ndipo lije swali: Je, yafaa vyuo vikuu vimlazimishe kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kufundishwa namna ya kujifunza? Yaani namna ya kusikiliza mhadhara na kuandika muhtasari wake, kusoma kitabu kinene na kutoa kiini chake, kutafuta maandiko maktabani, kugawa saa za siku, kuandika insha, na kujitayarisha kwa mtihani. Au aachwe ajitafutie mwenyewe, kama mtu mzima?

HOJA ZA WANAOKATAA

Wanaokataa wana maneno yao, na insafu yatutaka tuyasikilize. Husema kwamba aliyefaulu kidato cha sita amekwisha kuonyesha kuwa ajua kusoma. Husema pia kuwa saa za mwanafunzi ni chache, na kumwongezea somo ni kumwongezea mzigo. Tena husema kwamba somo la namna hii katika vyuo vikuu vingi vya Kenya na Tanzania lipo tayari ndani ya lile liitwalo stadi za mawasiliano, nalo mara nyingi wanafunzi hulikariri kwa ajili ya mtihani, kisha hulitupa.

Hoja hizi hazikosi uzito. Lakini ya kwanza yasahau kwamba aliyejua kuogelea kisimani hajajua bado kuogelea baharini. Katika sekondari mwalimu huandika ubaoni, mwanafunzi hunakili, na kila mara huulizwa na kusahihishwa. Katika chuo kikuu mhadhiri husema mbele ya mamia ya watu, hutaja majina ya vitabu, kisha huenda zake. Tena mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya Serikali alifundishwa kwa Kiswahili, kisha akahamishwa kwenye Kiingereza alipoingia sekondari. Wengi hufika chuo kikuu hali wangali wakifasiri maneno kichwani. Mtu huyu kuachwa peke yake na kitabu cha kurasa mia tatu, kwa lugha ambayo si yake, si kumheshimu kama mtu mzima. Ni kumtelekeza.

WANAVYUONI WETU WALISEMA NINI

Sisi Waislamu jambo hili lisitushangaze. Neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ni amri ya kusoma. Lakini hakuachwa na amri tupu. Katika Sura ya Al-Muzzammil Mwenyezi Mungu alimfundisha na namna ya kuisoma Qurani, kwamba isomwe kwa utaratibu. Na Qurani yenyewe haikushushwa kwake kwa mkupuo mmoja, bali ilimjia kidogo kidogo katika muda wa miaka ipatayo 23, ili moyo upate kuidhibiti. Basi kusoma ni amri, na namna ya kusoma pia ni mafundisho.

Zaidi ya miaka 800 iliyopita, Shekhe Burhanuddin az-Zarnuji, mwanafunzi wa Imamu al-Marghinani mwenye kitabu cha Al-Hidaya, aliandika kitabu kidogo chenye milango 13, kiitwacho Taalim al-Mutaallim. Kitabu chote ni juu ya namna ya kutafuta elimu. Sababu ya kukiandika ni kwamba aliwaona wanafunzi wengi wa zama zake wakijitahidi wala wasifike, kwa kuwa wameikosa njia. Tazameni, ndugu, jinsi maradhi ya leo yalivyokuwa yakijulikana tangu zamani hizo!

Humo amefundisha kwamba anayeanza apewe somo la kadiri awezayo kulidhibiti kwa kulikariri mara mbili, kisha liongezwe kidogo kidogo. Somo la jana lirudiwe mara tano, la juzi mara nne, la siku iliyotangulia mara tatu, kisha mbili, kisha moja. Amehimiza wanafunzi wajadiliane, na amekataza mtu kuandika asichokifahamu.

Baada yake akaja Ibn Khaldun, aliyeandika Mukadima yake mwaka 1377. Yeye alitaja kwamba katika zama zake mwanafunzi wa Moroko aliwekewa kukaa madrasani miaka 16, hali yule wa Tunis aliwekewa miaka 5 tu. Tofauti hiyo hakuiona kuwa ni ya akili, bali ni ya ubovu wa njia ya kufundisha. Aliwalaumu wanafunzi wanaokaa kimya maisha yao yote, wakahifadhi sana wala wasizungumze wala wasijadili, kisha wakatoka bila ya uwezo wa kuitumia elimu yao.

ELIMU YA SIKU HIZI YASEMAJE

Wataalamu wa siku hizi wamefika palepale kwa njia nyingine. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha uchunguzi alioufanya juu ya nafsi yake mwenyewe. Alionyesha kwamba tulichojifunza hututoka kwa kasi sana katika saa na siku za mwanzo, na kwamba kurudia kwa vipindi ni bora kuliko kurudia kwa pamoja.

Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Mara nyingine wanafunzi waliisoma tena na tena. Mara nyingine waliisoma, kisha wakaifunika na kuandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, kurudia kusoma kulishinda: sehemu 81 katika mia zilikumbukwa, kwa 75. Lakini baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliorudia kusoma walibakiwa na 42 tu, na waliofunika na kuandika walibakiwa na 56.

Hapa ndipo penye jawabu la swali letu. Anayesoma ukurasa uleule mara kumi hujiona ameshajua, kwa sababu maneno yamemzoea machoni. Hajui kuwa hajui. Ukimwambia, "Somo la namna ya kujifunza lipo, anayetaka aje," yeye hatakuja, kwani haoni haja nalo. Watakaokuja ni wale waangalifu ambao tayari wanajitahidi kujitengeneza. Hivyo somo likiachwa kuwa la khiari, humpita yule yule aliye na haja nalo kuliko wote. Kwa ajili hiyo twasema: ndiyo, liwe la lazima.

LAKINI LIWE NAMNA GANI?

Kulazimisha peke yake hakutoshi, na hapa hoja ya tatu ya wanaokataa ni ya kweli. Somo likifundishwa kama maelezo ya kukariri, litakuwa mfano wa mtu aliyefundishwa kuogelea kwa kuandikiwa ubaoni. Yafaa basi lishikamane na fani ya mwanafunzi mwenyewe. Wa sheria ajifunze kusoma kwa kuisoma hukumu ya mahakama, na wa udaktari kwa vitabu vya udaktari. Mwalimu wa fani na mwalimu wa lugha washirikiane. Liwe katika wiki za mwanzo, kabla mtu hajazama. Na mtihani wake uwe kazi: "Huu hapa mlango wa kitabu, tuletee muhtasari wake kwa maneno yako." Atakayedhihirisha mapema kuwa ayaweza hayo, na asamehewe ashike mengine.

Tena lisikose mafundisho ya amana. Siku hizi iko mitambo ya akili mnemba iwezayo kumwandikia mtu insha nzima kwa dakika moja. Sisi ni umma wa isnadi, ambao maulamaa wake hawakupokea hadithi bila ya kuuliza imetoka kwa nani. Mwanafunzi wa Kiislamu yampasa awe wa mbele katika kumtaja mwenye maneno, na awe wa mwisho katika kujivika elimu asiyokuwa nayo.

WAJIBU WETU NYUMBANI NA MADRASANI

Wazee wetu wa pwani walikiita kitabu "chuo", na mahali pa kusomea Qurani pia wakapaita "chuo". Huko mtoto husoma kwa mwalimu, akadurusu, kisha akafunga msahafu akasoma kwa ghibu, akasahihishwa hapo hapo. Njia hiyo ndiyo iliyothibitishwa na hao wataalamu wa mwaka 2006, nasi twaimiliki tangu utoto. Ila walimu wa madrasa tuongeze lile alilolitaka Ibn Khaldun: mtoto aulizwe maana, naye aruhusiwe kuuliza.

Nanyi wazazi, msimwulize mtoto tu, "Umesoma?" Mwambieni, "Hebu nieleze ulichosoma." Hata mama asiyejua herufi aweza kusikiliza, na mtoto katika kueleza atajua wapi palipomponyoka. Wala binti asibebeshwe kazi zote za nyumba hali nduguye wa kiume ameachiwa saa za kudurusu, kisha tukastaajabu akianguka.

Nanyi vijana mnaokwenda vyuoni mwaka huu, msingoje mpaka chuo kikulazimisheni. Kila mhadhara, siku hiyo hiyo, funga daftari uandike unayokumbuka. Kisha lifungue ujisahihishe. Rudia kesho, na baada ya siku kadha wa kadha. Tafuta wenzio wawili watatu wenye tabia njema mjadiliane. Usilolifahamu liulize, kwani kuuliza si ujinga. Na zipange saa zako kwa sala tano, nazo zitakuwa nguzo za siku yako.

Gogo huisha kwa bandu bandu, si kwa pigo moja la usiku wa mtihani. Twamwomba Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, awaonyeshe na njia yake, na awarejeshe kwetu wakiwa wamefaulu duniani na Akhera. Amin.