Motokari za kutengenezwa nyumbani: wazee wa Oswego wanakumbuka nini?

Siku ya posho, wakati jua linaanza kushuka juu ya ziwa Ontario, watu wa muji mdogo wa Oswego, kaskazini mwa jimbo la New York, hawana haja ya kuangalia saa. Motere ya kwanza ikiwaka, muji mzima unajua. Ya pili inafuata, kisha kumi, kisha ishirini. Ile kelele haiingii kwa masikio tu, inagonga hata kifua. Na harufu ya alkooli iliyoungua inakuja na upepo, inachoma macho kidogo. Mutu aliyeisikia akiwa mtoto hawezi kuisahau, hata akifika miaka 70.

Wasomaji wetu watatuuliza: Oswego inatuangalia na nini? Tujibu mara moja. Toka Oswego mpaka Syracuse ni kama kilometa 60. Na Syracuse ni mumoja wa miji ya Marekani ambamo ndugu zetu Wakongomani wengi walipokelewa, wale waliopitia kambi za wakimbizi za Tanzania, Uganda na Burundi. Kiswahili kinasemwa kule, kwenye kanisa na kwenye soko. Watoto wao wanakua mu eneo moja na wazee ambao tunataka kuwasema leo. Basi ni vizuri tujue majirani wa ndugu zetu wanapenda nini, na wanaogopa kupoteza nini.

Motokari gani hii?

Kwa kimombo wanaiita supermodified. Tafsiri yake ni kama motokari iliyogeuzwa kupita kiasi. Na ni kweli. Hakuna fabrike inayoitoa. Huwezi kwenda kwenye duka ukalipa, ukarudi nayo. Mutu na fundi wake wanaitengeneza wenyewe: wanakata vyuma, wanachomelea, wanapima, wanaharibu, wanaanza tena.

Motere ni kubwa, ya silinda 8, yenye nguvu zaidi ya farasi 700. Haichomi esansi, inachoma methanoli, ile alkooli ambayo moto wake hauonekani vizuri mchana. Lakini kitu kinachoshangaza mugeni ni sura yake. Ile mashine imepinda. Motere haiko katikati, imesukumwa upande wa kushoto. Mapine ya upande wa kuume ni makubwa kuliko ya kushoto. Ukiiona imesimama, utazani fundi alikuwa amelewa.

Apana, hakulewa. Kiwanja ni cha muviringo, na motokari zinakunja upande mumoja tu, wa kushoto, toka mwanzo mpaka mwisho. Wakati wa kukunja kwa mbio, uzito wote unataka kukimbilia upande wa kuume. Fundi anautangulia: anauweka kushoto mapema, ili mapine yote ine yashike barabara sawa. Njo akili yenyewe. Motokari hii haifai kwenda nayo kazini, haifai hata kuzunguka muji. Ilizaliwa kwa kazi moja tu.

Kiwanja cha Oswego kina urefu wa kama kilometa moja, na ni lami. Motokari nzuri inamaliza muzunguko kwa sekunde 16 ao 17. Uhesabu wewe mwenyewe: ni zaidi ya kilometa 200 kwa saa, na hakuna barabara ndefu ya kupumzikia. Unatoka mu kona, unaingia mu kona ingine. Na watazamaji wako karibu kabisa. Hawatazami kwa mbali sawa vile ku televisheni.

Vyuma vya zamani

Mbio za motokari zilianza Oswego mwaka wa 1951, pahali palipokuwa zamani kiwanja cha mbio za farasi. Wakati ule vita kubwa ya dunia ilikuwa imekwisha miaka michache tu. Vijana wengi walirudi toka jeshi wakijua kazi ya motere. Na mu viwanja vya vyuma vikuukuu, motokari za miaka ya 1930 zilikuwa zimelala bila mwenyewe. Bei yake ilikuwa ya chini. Wale vijana walizichukua, wakatoa milango, wakatoa viti, wakatoa kila kitu chenye uzito, wakaweka motere yenye nguvu. Kila mwaka walikata zaidi. Mwisho wake, motokari ya kwanza haikuonekana tena. Kilichobaki kilikuwa kitu kipya kabisa.

Mwaka wa 1957 walianzisha mbio kubwa inayoitwa Classic, ya mizunguko 200. Inafanyika mwanzoni mwa mwezi wa kenda, wakati Wamarekani wanapumzika kwa sikukuu yao ya kazi. Mapiloti walikuja toka majimbo ingine, na wengine walivuka mupaka toka Kanada. Familia ya Caruso iliongoza kile kiwanja kwa miaka mingi. Watu wakakipa jina: Jumba la Chuma.

Hapa tuangalie vizuri nani alikuwa ndani ya zile motokari. Hawakuwa matajiri. Siku ya kwanza mpaka siku ya tano walikuwa kazini kama watu wote: mu garaje, mu fabrike, mu shamba, mu duka. Magaribi, kisha kula, wanaingia mu garaje nyuma ya nyumba mpaka usiku wa manane. Bibi analeta kahawa. Watoto wanashika taa. Jirani anayejua kuchomelea anaitwa, anakuja na vyombo vyake, halipwi kitu. Siku ya posho, motokari inapandishwa kwenye remoroke, wote wanaenda.

Ndiyo maana mushabiki hakuwa akishangilia mutu wa mbali. Alikuwa akishangilia fundi aliyemutengenezea freni juma lililopita.

Majina yanayobaki

Ukiketi na wazee wa Oswego, hawaanzi na hesabu za ushindi. Wanaanza na motokari. Wanaita ile mashine kwa jina lake sawa vile mutu anaita ng'ombe wake wa kwanza.

Kuna Nolan Swift. Namba yake ilikuwa 10, na motokari yake iliitwa 10 Pins, kufuatana na ule muchezo wa kuangusha vichupa kumi vya mbao na tufe. Watoto wa miaka ya 1960 walichora ile namba ku madaftari yao ya masomo. Kuna Bentley Warren, aliyetoka mbali, pande za Massachusetts, akashinda Classic zaidi ya mara moja. Yeye alifika mpaka mbio kubwa kuliko zote za Marekani, zile za Indianapolis, mwaka wa 1971 na mwaka wa 1975. Na kisha alirudi kwenye viwanja vidogo. Wazee wanapenda sana ile sehemu ya hadisi: alirudi. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1996, mtoto wa Oswego mwenyewe, Joe Gosek, naye akaingia mbio za Indianapolis. Muji mudogo ulisimama wima siku ile.

Na kuna Jim Shampine.

Hapa wazee wanapunguza sauti. Shampine alikuwa piloti, lakini alikuwa pia fundi. Alitengeneza motokari zake kwa mikono yake, akazipa namba 8 ndani ya duara jeusi, sawa vile ile tufe ya biyare. Wanaiita 8-Ball. Katika miaka ya 1970 alikuwa kati ya wale waliosukuma mbele akili ya kuweka uzito wote kushoto, mpaka wengine wote wakalazimika kumufuata ao kubaki nyuma. Alishinda Oswego mara nyingi sana. Kuna waliomupenda, na kuna waliokuja kila siku ya posho kwa sababu moja tu: kumuona ameshindwa. Lakini wote walikuja.

Tarehe 4 mwezi wa kenda mwaka wa 1982, mwisho wa juma la Classic, Shampine aliingia kiwanjani na motokari ya aina ingine, si ile ya 8-Ball waliyoizoea. Alipata ajali. Akakufa. Alikuwa na miaka 41.

Watu waliokuwa pale wakiwa watoto leo wako na wajukuu. Hawakusoma ile habari mu gazeti, waliiona na macho. Walikuwa wameketi karibu na baba yao, wameshika viazi vya kukaanga mu mukono. Kisha ile siku, kila mutu alipaswa kujibu ulizo moja ndani ya roho yake: nirudi, ao nisirudi? Wengine hawakurudi tena. Wengine walirudi juma lililofuata, na hawakuwa na maneno ya kueleza sababu gani. Sisi hatuwezi kuwahukumu. Mutu anayependa kitu chenye hatari anabeba mapendo na kilio mu kikapu kimoja. Wazee wanaosimulia mbio bila kusema vifo wanasimulia nusu tu, na wao wenyewe wanajua.

Kinachoogopwa leo

Kiwanja kingali pale. Mbio zingali zinaendelea wakati wa joto, juu ya wakati wa baridi Oswego inafunikwa na teluji nyingi kabisa. Tangu mwaka wa 1974 kuko pia chama kinachozungusha hizi motokari kwenye viwanja mbalimbali, zikiwa na bawa kubwa juu ya kichwa cha piloti ili upepo uzikandamize chini. Oswego yenyewe imeshika desturi yake ya kukimbia bila bawa, na hapo utasikia mabishano ambayo hayamaliziki: gani ni motokari ya kweli, yenye bawa ao isiyo na bawa? Ukitaka kuona mzee wa miaka 75 anasimama kwa hasira, muulize tu ile.

Lakini hesabu ya motokari imepunguka. Motere moja ni feza nyingi. Methanoli ni feza, mapine ni feza. Zamani ulihitaji vyuma vikuukuu na marafiki, leo unahitaji marafiki na banki. Kijana anayependa mbio anaweza kucheza ku ordinatere bila kuchafua mikono. Na kwa sababu motokari hizi hazikutoka fabrike, hakuna kampuni iliyochunga makaratasi yake. Ukitaka kujua sababu gani fundi fulani aliweka chuma hiki hapa na si pale, hakuna kitabu cha kufungua. Kuna mzee mumoja anayekumbuka. Akienda, jibu linaenda naye.

Njo maana wameanza kukusanya. Wanatoa picha mu sanduku chini ya kitanda. Wanatafuta motokari za kale zilizosahauliwa mu gala za mashamba, zenye kutu, panya wamelala mu kiti cha piloti. Wanazirudishia rangi na namba zake. Siku ingine zinapewa nafasi ya kuzunguka kiwanja polepole, bila kushindana. Na ile saa, wanaume wazima wanatoa kitambaa mu mufuko. Wanasema ni moshi.

Na sisi je?

Tulipokuwa tunaandika haya, tulifikiri Lubumbashi. Vijana wote wanajua jina la Mazembe. Lakini uliza wangapi wanajua sababu gani baba zao wangali wanasema Englebert. Ilikuwa jina la mapine ya motokari, na timu ililibeba kifuani wakati ilitwaa kombe la Afrika mwaka wa 1967, na tena mwaka wa 1968. Wale waliosimama mu kiwanja ile miaka, wakapoteza viatu kwa furaha, wamebaki wachache. Hesabu ya magoli iko mu vitabu. Lakini nani aliwabeba wachezaji kwa mabega, mama gani aliuza chakula mulangoni, nani alilia siku ya kushindwa: hayo hayako mu kitabu chochote. Yako mu vichwa vya wazee wetu, katika parsele zetu.

Watu wa Oswego hawakuwa na kitu kikubwa. Walikuwa na vyuma vilivyotupwa, mikono, na siku ya posho. Kwa hivyo vitatu walitengeneza kitu ambacho mutu wa miaka 70 akisikia harufu yake tu, anarudi mtoto. Wameelewa, hata kama wamechelewa kidogo, kwamba kazi ya mushabiki haimaliziki wakati mbio inakwisha. Kuna kazi ingine: kusimulia, na kusimulia yote, ushindi pamoja na msiba.

Siku ya posho inakuja. Kama uko na mzee nyumbani, keti karibu naye, umuulize siku moja tu aliyoiona na macho yake. Chukua daftari. Kisha, umuache aseme.